Kufunga, Kuunga au Kufungamanisha? Historia ya Upasuaji wa Viungo vya Wayo na Istilahi Zake

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, ni kueleza kwa ufupi historia ya upasuaji uitwao athrodesi, yaani upasuaji wa kuifanya mifupa inayokutana katika kiungo iote pamoja na kuwa mfupa mmoja, hasa katika wayo wa mtu mzima. Pili, ni kuyapima, kwa nuru ya historia hiyo, maneno ya Kiswahili yanayoweza kuitaja dhana hii, na kutoa pendekezo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na mifupa ya miguu. Jibu ni kwamba istilahi ya tiba haikai kamusini tu. Hutamkwa mbele ya mgonjwa kabla hajatia sahihi, au dole gumba, kwenye karatasi ya kukubali kupasuliwa. Iwapo neno alilotajiwa limemfanya aelewe jambo jingine, basi amekubali jambo jingine. Athrodesi ni mfano mzuri wa hatari hiyo, kwa sababu ni upasuaji unaomwondolea mtu maumivu kwa kumwondolea pia mwendo wa kiungo, na mwendo huo haurudi.

Kabla ya kuendelea yafaa tukubaliane juu ya maneno mawili. Neno mguu katika Kiswahili hutaja kiungo kizima kuanzia nyongani hadi vidoleni, na pia hutaja sehemu ya chini peke yake. Ili kuepuka utata, makala haya yanatumia wayo kwa sehemu yote iliyo chini ya kifundo cha mguu, ingawa katika matumizi ya kawaida neno hilo huelekea zaidi kwenye upande unaokanyaga ardhi. Neno la pili ni kiungo. Hili nalo lina maana nyingi: mahali mifupa inapokutana, sehemu ya mwili kama vile mkono au mguu, na hata bizari na pilipili za mchuzini. Hapa litatumika kwa maana ya kwanza tu. Utata wake, hata hivyo, tutaurudia, kwa kuwa mgonjwa hakusoma utangulizi huu.

Chanzo cha upasuaji na cha neno

Mpaka katikati ya karne ya 19, kufungua kiungo kwa kisu kulikuwa karibu sawa na kumhukumu mgonjwa. Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni dawa ya usingizi ya etha, iliyoonyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. La pili ni njia ya kuua vijidudu vidondani, ambayo Joseph Lister wa Uingereza aliitangaza mwaka 1867. Baada ya hapo mpasuaji aliweza kuingia katika kiungo kwa makusudi, si kwa kulazimika tu.

Aliyeitumia nafasi hiyo kwa jambo tunalolizungumzia alikuwa Eduard Albert (1841–1900), mpasuaji aliyezaliwa Bohemia, akafundisha Innsbruck na baadaye Vienna. Mwishoni mwa miaka ya 1870 alianza kupasua viungo vya watoto waliopooza miguu, akaondoa gegedu linalofunika ncha za mifupa, kisha akaiacha mifupa mitupu igusane mpaka ikaota pamoja. Mwaka 1882 alichapisha maelezo ya baadhi ya wagonjwa wake. Kusudi lake halikuwa kuponya kupooza, kwani misuli iliyokufa haikuweza kufufuliwa. Kusudi lilikuwa kwamba mguu uliokuwa ukining'inia ugeuke nguzo ya kusimamia, ili mgonjwa asiwe mtumwa wa vyuma vya kushikilia mguu maisha yake yote.

Jina athrodesi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: arthron, yaani kiungo, na desis, yaani kufunga au tendo la kufunga. Tafsiri ya moja kwa moja basi ingekuwa kufunga kiungo. Lakini tusifanye haraka. Kabla ya jina hilo kuenea, jambo hilo lilielezwa kuwa ni kutengeneza ankilosi kwa mkono wa binadamu. Ankilosi ni hali ya kiungo kukakamaa kwa ugonjwa, nalo neno lenyewe linatokana na ankylos la Kigiriki, ambalo maana yake ni kilichopinda. Kiungo kilichokakamaa si lazima kiwe kimepinda, wala kilichopinda si lazima kiwe kimekakamaa. Hapa pana fundisho kwa mwanaistilahi: hata lugha zinazosifiwa kwa usahihi wa maneno yao ya sayansi zinabeba maneno ambayo asili yake haipatani na dhana. Kwa hiyo kutafsiri asili ya neno si kutafsiri dhana.

Viungo vitatu

Ugonjwa wa polio ndio uliokuza upasuaji huu. Mwanzoni mwa karne ya 20 magonjwa ya mlipuko yaliacha maelfu ya watoto wa Ulaya na Marekani wakiwa na nyayo zilizopinda kwa sababu upande mmoja wa misuli ulikuwa hai na mwingine umekufa. Wapasuaji waligundua kwamba kifundo chenyewe mara nyingi chaweza kuachwa, bali viungo vilivyo chini yake na mbele yake ndivyo vinavyouyumbisha wayo.

Katika muda wa miaka michache njia kadhaa zilielezwa: Michael Hoke wa Atlanta mwaka 1921, Naughton Dunn wa Birmingham mwaka 1922, na Edwin Ryerson wa Chicago mwaka 1923. Njia ya Ryerson ndiyo iliyodumu zaidi. Yeye aliviondoa viungo vitatu kwa mara moja: kile kilicho kati ya mfupa wa talasi (ule unaokalia kisigino na kubeba muundi) na mfupa wa kisigino, kile kilicho kati ya talasi na mfupa wa navikula ulio mbele yake, na kile kilicho kati ya kisigino na mfupa wa kuboidi, upande wa nje. Mwaka 1927 Constantine Lambrinudi wa London alieleza namna ya kuikata mifupa hiyo ili wayo unaoanguka mbele usiweze tena kuanguka.

Wakati huohuo wengine walishughulikia sehemu ya mbele ya wayo. Henry Clutton wa London alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1894 jinsi ya kukiondoa kiungo cha shina la kidole gumba kilichopinda. Mwaka 1934 Paul Lapidus wa New York alipendekeza kwamba katika ubovu huohuo kiungo cha kuondolewa kiwe cha nyuma zaidi, katikati ya wayo, ambako yeye aliona ndiko kwenye shina la kupinda.

Chuma na mbano

Tatizo kubwa la miaka hiyo lilikuwa kuishika mifupa isicheze mpaka iote pamoja. Silaha ilikuwa plasta ngumu ya jasi, na mgonjwa alikaa nayo kwa miezi. Mara kwa mara mifupa ilikataa. Badala ya mfupa, pengo lilijaa utando laini, na mahali hapo pakaendelea kucheza na kuuma.

Mwaka 1951 John Charnley wa Uingereza, yule ambaye baadaye alisifika kwa nyonga ya bandia, alieleza athrodesi ya kifundo kwa mbano. Alipitisha misumari ya chuma katika mifupa, akaibana kwa vikamatio vya skrubu vilivyobaki nje ya ngozi. Hoja yake ilikuwa kwamba mfupa wa sponji ukibanwa kwa nguvu dhidi ya mwenziwe huota upesi. Mwaka 1958 kundi la wapasuaji wa Uswisi waliunda chama cha AO, ambacho kilieneza skrubu na mabamba ya chuma yanayokaa ndani ya mwili. Tangu hapo mbano umekuwa kanuni ya kazi hii, iwe kwa skrubu mbili au kwa bamba.

Mgonjwa abadilika

Chanjo ya polio iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1955, na ile ya matone iliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, ziliupunguza ugonjwa huo. Kisu hakikuwekwa chini. Alibadilika aliyelala mezani. Mgonjwa wa leo kwa kawaida ni mtu mzima. Mmoja alivunjika kisigino kwa kuanguka kutoka juu, na gegedu lake limesagika. Mwingine ana baridi yabisi. Wa tatu ni mwanamke wa makamo ambaye ukano wa ndani ya kifundo umedhoofika na wayo wake ukabonyea, hali ambayo Kenneth Johnson na David Strom waliigawa katika hatua mwaka 1989. Wa nne ana kisukari kilichoua fahamu za nyayo hata mifupa ikavunjikavunjika bila yeye kuhisi.

Mabadiliko haya yana maana kwa istilahi. Mtoto aliyepooza hakuwa na mwendo wa maana wa kupoteza. Alipewa uthabiti asiokuwa nao. Mtu mzima ana mwendo, ingawa unauma, naye anaulizwa kama yu tayari kuuacha. Neno ambalo mwaka 1923 lilikuwa na habari njema tupu sasa lina habari mbili kwa pamoja.

Matokeo

Ni nini basi hupatikana? Jibu la kwanza ni kwamba kuota kwa mfupa hakuna uhakika kamili. Mwaka 2000 Mark Easley na wenziwe wa Marekani walichapisha habari za athrodesi 184 za kiungo kilicho chini ya talasi. Kwa wasiovuta sigara mifupa iliota katika asilimia 92, na kwa wavutaji katika asilimia 73. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa unaoota unahitaji damu.

Jibu la pili ni kwamba mfupa kuota na mgonjwa kufaidika ni mambo mawili. Mwaka 1999 Charles Saltzman na wenziwe wa Iowa, akiwamo Ignacio Ponseti, ambaye njia yake ya kunyosha nyayo za watoto kwa plasta imefika Uganda, Kenya na Tanzania, walitoa habari za wagonjwa 57 wenye nyayo 67 waliofanyiwa athrodesi ya viungo vitatu. Watu walewale walichunguzwa mara mbili, kwa wastani miaka 25 na miaka 44 baada ya kupasuliwa. Kadiri miaka ilivyopita, uchakavu uliongezeka katika kifundo na katikati ya wayo, na maumivu nayo yakaongezeka. Hata hivyo wagonjwa 54 kati ya 57 walisema wameridhika. Mwaka 2001 kundi kutoka huko huko lilieleza habari za watu 23 waliofanyiwa athrodesi ya kifundo kwa sababu ya majeraha, wakachunguzwa baada ya wastani wa miaka 22. Viungo vya jirani katika wayo uleule vilikuwa vimechakaa kuliko vya wayo wa pili. Goti halikuwa hivyo.

Sababu yake si siri. Viungo vya wayo hufanya kazi kwa ujima. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997, yaliyofanywa katika miguu ya maiti, yalionyesha kwamba ukikizuia kiungo cha talasi na navikula peke yake, viungo viwili vya jirani hubakiwa na mwendo wa digrii 2 hivi tu. Na palipobaki mwendo, mzigo wa mwenzao aliyestaafishwa huwaangukia wao.

Jibu la tatu linahusu kulinganisha. Kwa kiungo cha shina la kidole gumba, Gibson na Thomson wa Edinburgh waliwagawa wagonjwa kwa kura kati ya athrodesi na kiungo cha bandia, wakatoa matokeo mwaka 2005. Athrodesi zote 38 ziliota, lakini viungo vya bandia 6 kati ya 39 vilibidi kuondolewa kwa kulegea. Kwa kifundo hali ni tofauti. Uchunguzi wa hospitali 17 za Uingereza, wenye wagonjwa 303, ulitangazwa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, wala tofauti kati yao katika kutembea na kusimama haikuwa ya kutegemewa.

Jibu la nne linahusu kipimo chenyewe. Mwaka 1994 chama cha wapasuaji wa wayo cha Marekani kilitoa mizani ya pointi 100 kwa kifundo na sehemu ya nyuma ya wayo: 40 za maumivu, 50 za uwezo na 10 za unyofu. Ndani ya pointi za uwezo mwendo wa kiungo umehesabiwa. Maana yake ni kwamba mtu ambaye athrodesi yake imefaulu kikamilifu, asiyeumwa hata kidogo, hawezi kamwe kupata 100. Mizani hiyo imemkata alama kwa kile kilekile alichokubali kukitoa. Tunapotafsiri ripoti yenye neno mafanikio, basi, imetupasa tuulize: mafanikio ya nani, ya mfupa, ya mizani au ya mtu?

Maneno yanayoshindania nafasi

Turudi sasa kwenye lugha. Maneno kadhaa yanaweza kudai nafasi ya athrodesi.

Kuunganisha kiungo ndilo linalokuja ulimini kwanza. Kasoro yake ni kubwa. Mfupa uliovunjika huungwa, na ukishaungwa mwenyewe hurudi kama alivyokuwa. Mgonjwa anayeambiwa kiungo chake kitaunganishwa ana haki ya kutarajia kwamba kilichoachana kitatengemaa na kucheza tena, kumbe anaahidiwa kinyume chake.

Kufunga kiungo linafuata Kigiriki kwa uaminifu. Lakini katika hospitali zetu kufunga ni kazi ya bandeji na plasta: kidonda hufungwa, mkono uliovunjika hufungwa. Kwa kuwa kiungo ni pia mkono au mguu mzima, kufunga kiungo laweza kueleweka kuwa kuufunga mguu kwa kitambaa. Zaidi ya hayo, kilichofungwa hufunguliwa. Athrodesi haifunguliwi.

Kukaza kiungo hudokeza kwamba kiungo kililegea na sasa kitakazwa kama nati, na kitaendelea kuwa kiungo. Kukakamaza linatoka kwenye jina la ugonjwa, na yafaa liachwe huko: mkakamao uwe istilahi ya ankilosi. Kuondoa kiungo, ambalo nimelitumia hapo juu katika kusimulia, haliwezi kukubalika kama istilahi, kwani mgonjwa ataelewa kwamba mguu wake utakatwa.

Lipo pia kuungisha, kutokana na usemi kwamba mfupa umeunga. Kwa umbo ni zuri: mpasuaji anaufanya mfupa uunge. Lakini mchuuzi wa mtaani huwaambia wapita njia wamwungishe, yaani wanunue chochote ili biashara isogee, na neno lenye kazi ya sokoni iliyo hai hivyo litahitaji maelezo kila mara.

Mwisho ni kuukubali mkopo athrodesi peke yake. Miongoni mwa waganga mkopo huu haudhuru, na ni vema ubaki katika kamusi. Mbele ya mgonjwa, hata hivyo, ni kimya chenye sauti ya neno.

Pendekezo

Makala haya yanapendekeza kufungamanisha kiungo, na jina lake ufungamanishaji wa kiungo. Shina lake ni lilelile la kufunga, kwa hiyo uhusiano na desis unabaki. Lakini kiambishi -mana kinaongeza jambo ambalo kufunga halina: pande mbili zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, kama mizizi iliyofungamana, si kwa kamba ya mtu wa tatu. Na ndivyo ilivyo, kwa kuwa skrubu ni ya muda tu, na kinachoshika hatimaye ni mfupa kwa mfupa. Neno hili tunalifahamu tayari kutoka katika siasa, katika jina la nchi zisizofungamana na upande wowote, na maana yake hapo ni ileile ya kushikamana kwa namna isiyo rahisi kutoka.

Faida kubwa zaidi ni uzazi wa neno. Tendo la mpasuaji litaitwa ufungamanishaji; hali ya mfupa uliokwisha kuota itaitwa mfungamano; na kushindwa kwake kutaitwa kutofungamana. Faida hii ya mwisho si ndogo. Waganga hukuita kushindwa huko kwa jina la Kigiriki lenye maana ya kiungo cha uongo. Mtafsiri asiye mwangalifu ataandika kiungo bandia, na papo hapo atakuwa amezichanganya dhana tatu: mfupa uliokataa kuota, kiungo cha chuma na plastiki kinachopandikizwa kifundoni, na mguu wa kuvaa utengenezwao karakanani. Athrodesi ya Ryerson itaitwa ufungamanishaji wa viungo vitatu. Kwa viungo vingine tutataja mahali: ufungamanishaji wa kifundo, wa kiungo cha chini ya talasi, wa shina la kidole gumba.

Neno pekee halitoshi, wala istilahi haiwezi kuchukua mahali pa maelezo. Kamusi za tiba zafaa zitoe fasili inayotaja pande zote mbili, kwa mfano: ufungamanishaji wa kiungo ni upasuaji wa kuondoa gegedu la kiungo na kuibana mifupa yake mpaka iwe mfupa mmoja, kwa kusudi la kuondoa maumivu au kuleta uthabiti, ambapo mwendo wa kiungo hicho hukoma daima. Maneno sita ya mwisho ndiyo yasiyopaswa kukatwa hata kama ukurasa umejaa.

Hitimisho

Mwendo huo unaokoma una majina katika maisha ya watu wetu. Mwenye kifundo kilichofungamana hutembea vizuri kwenye njia tambarare, lakini kuchuchumaa, iwe chooni au shambani wakati wa kupalilia, huwa kazi ngumu. Mwislamu anayekaa tahiyatu huukunja wayo wa kulia kwa kuvikanyagia vidole, na kiungo cha shina la kidole gumba kikishafungamana hakikubali tena kukunjwa hivyo. Itambidi akae kwa namna nyingine. Anayepanda mlima kila siku kufuata maji atahisi tofauti ambayo mkazi wa Chicago huenda asiihisi. Hakuna lolote kati ya haya linalotosha kuukataa upasuaji, kwa kuwa wagonjwa 54 kati ya 57 hawakuridhika bure. Lakini kila moja ni swali ambalo mgonjwa anastahili kuliuliza kabla ya kutia dole lake, na hataliuliza kama neno alilosikia limemwambia kwamba kiungo chake kinatengenezwa.

Wanaistilahi, waganga wa mifupa, wauguzi na wafasiri wanaombwa kulijadili pendekezo hili, kulijaribu mbele ya wagonjwa wenyewe, na kuleta lililo bora zaidi iwapo lipo.